Namna ya kukagua huduma ya mzee au mgonjwa anayetunzwa nyumbani: mwongozo kwa familia za Tanga

Maswali ni yale yale, na hayaishi. "Mama yuko Ngamiani na dada tuliyemwajiri, sisi tuko Dar. Tutajuaje kama anatunzwa vizuri?" "Baba amepooza, wakala katuletea mhudumu, tumuulize nini?" "Bibi kaota kidonda mgongoni. Ni uzembe au ni ugonjwa tu?" Nimeona heri niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili mtu ashike daftari aingie chumbani kwa mgonjwa na kuanza.

Familia nyingi hukagua sebule. Wanafika wakakuta sakafu imedekiwa, udi unafuka, mzee kavalishwa kanga mpya au msuli uliopigwa pasi, nao wanaridhika, wanakula samaki wa kupaka, wanarudi walikotoka. Sakafu haina la kukwambia. Wasemao kweli ni watatu: ngozi ya mgonjwa, vidonge vilivyobaki, na usiku. Ukiwa na nusu saa tu, kagua hivyo vitatu na mengine uyaache.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye na mafunzo ya uuguzi. Hauchukui nafasi ya muuguzi au daktari. Unakusaidia kujua wakati wa kumwita.

Kabla hujaanza

Andaa hivi:

- Daftari kubwa la kaunta. Likae nyumbani kwa mgonjwa siku zote, halitoki.
- Tochi ndogo. Ya simu inafaa, ila utahitaji mikono yote miwili.
- Mkanda wa fundi cherehani.
- Kipimajoto, na kama mgonjwa ana presha au sukari, mashine zake.
- Glavu za kutupa na sabuni.
- Kadi ya kliniki na karatasi ya mwisho aliyoruhusiwa nayo hospitali. Orodha ya dawa itoke humo, isitoke kichwani mwa mtu.
- Mtu wa jinsia ya mgonjwa. Huku kwetu pwani mtoto wa kiume hamfunui mama yake, na mama mwenyewe atakufa na kidonda chake kuliko kukuonyesha. Mwombe dada, shangazi au binti aliyeolewa. Kwa baba, mwombe kaka au mjomba.

Jambo jingine la mapema: mhudumu aambiwe siku ile ile anapoajiriwa kwamba ukaguzi upo, wa kupanga na wa kushtukiza. Akiambiwa baadaye ataona ametiliwa shaka, na atakuwa na haki ya kuona hivyo. Na mgonjwa mwenyewe aombwe ruhusa. Hata kama hasemi, mwambie unachotaka kufanya kabla hujagusa shuka.

Ratiba ninayowashauri watu: ndugu aliye karibu apite mara moja kwa wiki bila taarifa, hata kwa dakika kumi, na ukaguzi kamili ufanyike mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 1: Jua unamkagua nani

Anayemtunza mgonjwa nyumbani anaweza kuwa ndugu, dada wa kazi aliyeongezewa mzigo, mhudumu aliyeletwa na wakala, au muuguzi wa kulipwa. Kila mmoja anadaiwa kadiri ya alichofundishwa. Mtu akisema ni muuguzi, mwombe leseni yake hai kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, usome jina na tarehe ya mwisho. Muuguzi wa kweli hakasirishwi na ombi hilo.

Asiye muuguzi asichome sindano ya mshipani, asibadilishe mpira wa mkojo, asiingize mpira wa kulishia puani. Anaweza kuosha, kulisha, kugeuza, kutoa vidonge kwa maandishi, kupima presha na kuandika. Insulini anaweza kuchoma ikiwa kliniki imemfundisha yeye kwa jina lake, si kwa kumtazama mtu mwingine.

Kama ni wakala, muulize mambo matatu: nani anamsimamia mhudumu huyu, akiugua analetwa nani, na malalamiko yanapokewa na nani. Akijibu "nipigie tu mimi" kwa yote matatu, hamna usimamizi hapo.

Hatua ya 2: Fika bila tangazo

Ukipanda basi Dar, ukapiga simu Segera, ukapiga tena Pongwe, hadi ufike mgonjwa ameshaogeshwa. Usipige. Anayeishi Tanga apite saa ambayo si ya kawaida: saa 5 asubuhi, au alasiri wakati wengi wamejilaza.

Ukishaingia na kusalimiana, kaa dakika chache bila kuuliza chochote. Angalia maji ya kunywa yako wapi. Kama jagi liko upande wa mkono uliopooza, halimfai kitu. Angalia kama mgonjwa anaweza kumwita mtu: ana kengele, filimbi, hata sufuria na kijiko? Sikiliza mhudumu anavyomsemesha. Anamwita kwa jina la heshima, au anasema "huyu" huku mwenyewe anasikia?

Hatua ya 3: Zungumza na mgonjwa peke yake

Mtume mhudumu dukani, na umpe hela ya kununua kitu cha kweli ili isiwe ujanja. Kisha uliza maswali ya matukio, usiulize ya hukumu. "Unatunzwa vizuri?" hujibiwa "alhamdulillah" hata na mtu aliyelala na njaa. Uliza hivi:

- Jana usiku ulipotaka kukojoa ulifanyaje?
- Jana ulikula nini mchana, nani alikulisha?
- Alfajiri ulisaidiwa kutawadha?
- Kuna wakati unaogopa kuita?
- Kuna karatasi yoyote umetiwa dole gumba? Kuna mtu anayejua namba ya siri ya simu yako?

Swali la mwisho msilionee haya. Hati ya nyumba ya Chumbageni au Raskazone ni mali kubwa, na mzee asiyeona vizuri ni mwepesi kutiwa dole. Hati, kadi ya benki na namba ya siri vikae kwa ndugu mmoja anayejulikana na wote, mhudumu asihusike navyo. Hiyo inamlinda mhudumu pia siku kitu kikipotea.

Kama mgonjwa hawezi kusema, tazama mwili wake mhudumu anaporudi chumbani. Anajikunyata, au anamfuata kwa macho akiwa ametulia?

Hatua ya 4: Kagua ngozi

Hii ndiyo hatua kubwa, usiiharakishe.

Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia pale mfupa unapobana nyama juu ya godoro na damu ikakosa kupita. Mahali pake panajulikana: juu ya mkia, visigino, nyonga, mafundo ya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Kwa anayekaa kitini muda mrefu, ongeza makalio. Kagua mahali hapo pote, pamoja na katikati ya vidole vya miguu, chini ya matiti na kinenani, ambako joto la Tanga na jasho huleta ukungu na michubuko.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono, funga mlango, shusha pazia. Funua sehemu moja kwa wakati, nyingine zibaki zimesitiriwa.
2. Mlaze ubavu. Mulika kwa tochi.
3. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, huenda usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au yenye rangi ya zambarau kuliko ngozi ya pembeni. Kisha pitisha mgongo wa mkono: pana joto kuliko penginepo? Bonyeza taratibu kwa kidole: pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tunda lililoiva kupita kiasi? Anaumia ukigusa?
4. Ukipata sehemu ya namna hiyo, mgeuze asiilalie na urudi kuitazama baada ya nusu saa. Isiporudi hali yake, kidonda kimeanza hata kama ngozi haijapasuka.
5. Pima kidonda kwa mkanda wa fundi, urefu na upana, uandike na tarehe. Bila kipimo mtabishana mwezi mzima kama kinapona.

Kisha kagua godoro. Mgonjwa akiwa amelala, pitisha mkono chini ya godoro usawa wa makalio, kiganja juu. Ukihisi mifupa yake karibu na mkono wako, yaani sponji iliyobaki haifiki sentimita 2 au 3, godoro hilo limekwisha. Godoro la upepo ni zuri, lakini linategemea umeme. Muulize mhudumu hulifanyaje umeme ukikatika.

Kanuni ya jumla kwa asiyeweza kujigeuza ni kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi, mchana na usiku, isipokuwa muuguzi amepanga vingine. Visigino vining'inie: mto uwekwe chini ya shavu la mguu, si chini ya kisigino.

Tahadhari, maana haya nayaona nyumba nyingi. Sehemu iliyoanza kuharibika haisuguliwi wala kuchuliwa kwa mafuta, kwa kuwa nyama iliyo chini inachanika zaidi. Usimkalishe juu ya pete ya mpira, inabana damu kuizunguka. Usipake dawa ya meno, majivu wala spiriti. Na kukanda kwa maji ya moto mguu uliopooza ni hatari, kwa sababu mguu hausikii moto na mgonjwa hatapiga kelele. Maji yajaribiwe kwa kiwiko cha mhudumu kabla hayajamgusa mgonjwa.

Ukiona michubuko, angalia umbo. Alama za vidole kwenye mkono wa juu, au mstari kuzunguka kifundo cha mkono kama wa kitambaa kilichofungwa, si za kujigonga kitandani. Kumfunga mgonjwa kwa kanga "asianguke" hakuruhusiki nyumbani. Kama anaanguka, shusha kitanda au weka godoro jingine chini pembeni.

Hatua ya 5: Hesabu dawa

Chukua dawa zote, hata zilizo kwenye mkoba wa mhudumu, uzimwage mezani kwa mafungu. Linganisha na karatasi ya hospitali. Kisha fanya hesabu hii kwa kila moja.

Tuseme tarehe 1 asubuhi mlianza pakiti ya vidonge 60 vya 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku. Umefika tarehe 11 asubuhi kabla ya dozi. Siku 10 zimepita, vidonge 20 vimetumika, vibaki 40. Ukikuta 52, hapewi ipasavyo. Ukikuta 31, anazidishiwa, au dozi inatolewa na watu wawili wasioambizana. Tofauti ya kidonge kimoja au viwili isikupe vita, muulize tu na uandike.

Angalia tarehe za mwisho. Angalia kama vidonge vya aina tofauti vimechanganywa kwenye bahasha moja. Uliza kila dawa ni ya nini. Mhudumu si lazima ajue jina gumu, lakini ajue "hii ya presha, hii ya sukari, hii haitolewi kabla hajala".

Saa zimeharibu mengi. Mtoto aliye Uingereza au Dubai anaandika "dawa saa 8", akimaanisha namba inayoonekana kwenye simu asubuhi. Mhudumu wa Mabawa anasoma saa nane mchana, na dozi inachelewa saa sita. Ratiba ya ukutani iandikwe "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku" kwa maneno, na kengele ya simu iwekwe pamoja mkiwa mmekaa.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Ikiganda inatupwa. Iliyofunguliwa hudumu takriban wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 30, na vyumba vingi vya Tanga kuanzia Desemba hadi Machi huzidi hapo. Pasipo friji, iwekwe kwenye kopo lililofungwa vizuri ndani ya chungu chenye maji, kivulini. Tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye chupa. Sindano zilizotumika ziwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, zirudishwe zahanati, zisitupwe jalalani ambako watoto wanachokora.

Dawa moja ya kuitafuta makusudi ni piritoni au nyingine yoyote ya kulaza usingizi ambayo haipo kwenye karatasi ya daktari. Wapo wanaompa mzee ili walale. Mzee aliyeleweshwa huanguka, hupaliwa na huchanganyikiwa. Ukiikuta, iondoe siku hiyo, na mgonjwa aonwe na mtaalamu.

Hatua ya 6: Shuhudia mlo mmoja

Usiulize anavyolishwa. Kaa utazame kuanzia kuoshwa mikono hadi mwisho. Mgonjwa awe amekaa wima kabisa, kidevu kimeelekea chini kidogo. Kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kije kingine. Akikohoa kila akinywa maji, au sauti ikawa kama ina majimaji kooni, chakula kinaelekea kwenye mapafu. Simamisha ulishaji, mpelekeni kwa mtaalamu. Aliyepooza upande mmoja, fungua shavu la upande huo ukamulike: mara nyingi kuna tonge limejificha. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Samaki atolewe miba na mlishaji kwa vidole vyake mwenyewe, hata kama fundi wa sokoni kamsafisha. Kunyweshwa uji akiwa amelala chali, kama tunavyozoea kwa wagonjwa waliolegea, kumeua watu.

Kujua kama anashiba, pima mzunguko wa shavu la mguu kila mwezi mahali pale pale, pale palipo panene. Kwa mzee, chini ya sentimita 31 ni dalili ya kupungukiwa lishe, na kupungua mwezi hadi mwezi ni onyo hata kama bado yuko juu ya hapo. Mguu uliovimba utakudanganya, basi tumia mwingine. Mkojo mweusi kama chai ya rangi mara nyingi maana yake maji hayatoshi.

Mwezi wa Ramadhani mwulizeni daktari wa kliniki mapema kuhusu mgonjwa wa sukari anayetaka kufunga. Na kama mhudumu ndiye anayefunga, kazi nzito ya kumbeba na kumwogesha ihamishwe asubuhi, si saa 11 jioni akiwa ameishiwa nguvu.

Hatua ya 7: Mpira wa mkojo, pampasi na mikono

Mfuko wa mkojo uwe chini ya usawa wa kiuno, lakini usiguse sakafu. Mpira usibanwe na paja wala kukunjwa. Mfuko umwagwe kabla haujajaa, bila kuuchomoa kwenye mpira. Tarehe ya kuwekwa na ya kubadilishwa ziwe kwenye daftari. Mkojo ukikosa kushuka kwa saa kadhaa na tumbo la chini likawa gumu, huko ni kuziba: kituo cha afya mara moja.

Pampasi ikilowa ibadilishwe, si kusubiri ijae ili kubana matumizi. Hesabu pakiti kama ulivyohesabu vidonge.

Mikono inawe kabla ya kumgusa mgonjwa na baada yake, na glavu haziondoi hilo. Sakafu na beseni vilivyochafuka kwa damu au kinyesi visafishwe kwa klorini: yenye nguvu ya asilimia 3.5 changanya kipimo kimoja na maji vipimo 6, upate asilimia 0.5. Isiguse ngozi wala kidonda, wala isichanganywe na dawa ya choo yenye tindikali.

Hatua ya 8: Zunguka nyumba

Tembea njia ya mgonjwa kutoka kitandani hadi chooni, ikiwezekana gizani. Nyumba nyingi za Ngamiani choo kiko uani: kuna kizingiti, kuna ndoo, kuna simenti yenye utelezi. Ondoa mikeka inayoteleza njiani, funga bomba la kushikia ukutani, mwekee kiti cha choo chumbani kwa usiku. Kandambili zilizolegea zitupwe.

Jiko la mkaa lisiingie chumba alicholala mtu, hata kwa kupasha maji tu. Hewa yake ya sumu haina harufu. Chetezo cha udi kiwe mbali na chandarua na shuka, na kisiachwe na mgonjwa asiyeweza kuinuka. Chandarua chenyewe kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Ukutani pawe na karatasi: namba za ndugu wawili, jirani mwenye usafiri, bajaji inayokubali kuja usiku, 112 ya dharura, na kituo cha kwenda. Kisha muulize mhudumu, "Mama akianguka sasa hivi, unafanya nini?" Sikiliza. Muulize tena kuhusu mdomo kwenda upande na mkono kukosa nguvu ghafla: jibu sahihi ni kutompa chochote mdomoni, kuandika saa iliyoanza, na kumkimbiza hospitali, kwa wengi wetu Bombo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kwa mwenye sukari anayetoka jasho na kutetemeka, kipimo kikiwa chini ya 4 na yuko macho na anameza, apewe maji yenye vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu, asimiminiwe soda kinywani.

Hatua ya 9: Kagua usiku, na usingizi wa mhudumu

Hapa ndipo huduma nyingi huvunjika, na kosa mara nyingi ni la familia. Mnamwajiri binti mmoja, analala chini kando ya kitanda cha mgonjwa, anaamka kila saa 2 kumgeuza, na asubuhi anafua, anapika, anadeki. Baada ya wiki tatu hakuna anayegeuzwa usiku. Mtu huyo si mvivu, amechoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, siku nzima ya mapumziko kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28. Basi katika ukaguzi wako uliza: jana ulilala saa ngapi hadi saa ngapi? Mara ya mwisho kwenda kwenu lini? Mshahara wa mwezi uliopita ulipata tarehe gani? Mgongo unakuuma? Yaandike majibu hayo kwenye daftari lile lile la mgonjwa, kwa sababu yanahusu usalama wake.

Kisha fanya ziara moja ya usiku kila baada ya miezi michache. Lala hapo. Saa 8 usiku mguse mgonjwa: amelowa? Amelala upande ule ule uliomwacha?

Hatua ya 10: Andika na ugawe kwa uzito

Gawa uliyoyaona mafungu matatu: ya leo leo, ya wiki hii, ya mwezi huu. Kidonda kipya, kupaliwa, dawa ya kulaza, alama za kufungwa: leo. Godoro, bomba la kushikia njia ya chooni, ratiba ya dawa: wiki hii. Kila jambo liwe na jina la mtu atakayelifanya. "Tutalitazama" si jina la mtu.

Malizia kwa kukaa na mhudumu, si mbele ya mgonjwa wala mbele ya majirani. Anza na alilofanya vizuri, ulitaje hasa. Kisha moja moja yanayohitaji kurekebishwa, na umuulize anahitaji nini ili aweze.

Ukikwama

*Daftari limejaa vizuri mno.* Presha 120/80 kila siku, wino mmoja, mwandiko haujayumba. Limejazwa kwa siku moja. Mwombe apime mbele yako, mgonjwa akiwa ametulia dakika 5, mkono usawa wa moyo. Mara nyingi utagundua hajui kutumia mashine na aliona aibu kusema. Mfundishe kwanza.

*Mgonjwa anamlaumu kila mhudumu kuwa mwizi.* Kwa mwenye ugonjwa wa kusahau hilo hutokea sana. Usimpuuze, usimfukuze mtu. Tafuta kitu anachodai kimeibwa, kwanza chini ya mto na ndani ya foronya. Kikipatikana, andika. Visipopatikana vitu viwili vitatu, hilo ni jambo jingine.

*Kidonda kipo, je, ni uzembe?* Mgonjwa dhaifu sana anaweza kuota kidonda hata akitunzwa vyema. Tazama mambo mawili: kiliandikwa siku kilipoanza, na mtaalamu aliitwa? Kidonda kilichofichwa hadi kikanuka ndicho kinachoshtaki.

*Sote tuko mbali.* Tumia simu ya video, lakini uongoze wewe: "washa taa, nionyeshe kisigino cha kushoto, sasa dawa, mwaga mezani." Kamera ya siri chumbani au bafuni msiweke, mnamvua mzee sitara, na taarifa za watu zina ulinzi wa kisheria tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mlipeni nauli shangazi wa Makorora apite kila wiki. Ulizeni zahanati ya karibu pia kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu.

*Hatuna fedha za wahudumu wawili.* Basi familia ichukue usiku, kwa zamu iliyoandikwa, hata siku tatu kwa wiki. Na kazi ya kufua iondolewe mikononi mwa anayemtunza mgonjwa.

*Tumeona dalili za kupigwa au kunyanyaswa.* Mtenganisheni mgonjwa na mtu huyo siku hiyo hiyo, atibiwe, piga picha za alama kwa ridhaa yake. Nendeni polisi mkachukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na mmhusishe afisa ustawi wa jamii wa Jiji. Msiyamalize sebuleni kwa kuombana msamaha.

*Tunabadilisha mhudumu.* Wa zamani na mpya wakae pamoja siku mbili, usiku mmoja ukiwemo. Hesabuni dawa wote wawili wakiwepo, wasaini. Kagueni ngozi siku ya makabidhiano, muandike kila alama iliyopo, kisha mbadilishe namba za ukutani na mchukue funguo.